Mguu wa Somoe

Siku nilipokabidhi funguo za chumba cha eksirei, vijana wawili niliowaacha pale waliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nadhani walitaka maelezo ya namna ya kuibembeleza mashine ikigoma. Hayo yamo kwenye daftari la kijani juu ya kabati, na nusu yake hayana faida tena, kwa sababu mashine yenyewe ilishabebwa ikiwa chuma chakavu. Hapa nitaandika mengine. Hospitali nilizofanyia kazi, ya kwanza upande wa Masasi na ya pili upande wa Newala, sizitaji majina. Makosa nitakayoyaeleza ni yangu, majengo hayana hatia.

Nilianza Masasi nikiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, nina cheti kipya na viatu vyeupe vya kisigino. Viatu vile havikufika saa sita mchana. Niliingia chumba cha giza, nikagonga beseni la dawa ya kusafishia picha, ikanimwagikia miguuni. Aliyekuwa mkubwa wangu, Mzee Barnaba, hakunigombeza. Alinitazama chini, akatazama beseni, akasema, "Kesho njoo na kandambili, binti. Dawa hii haijali mtu amevaa nini."

Mzee Barnaba alikuwa mtu wa Lupaso, wa familia ya kanisani tangu babu yake. Saa ya chumba cha giza ilikuwa imekufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo yeye alipima muda kwa nyimbo za ibada. Unatumbukiza filamu kwenye dawa, unaanza kuimba taratibu, ubeti wa nne ukiisha unaitoa. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Newala, na baba yangu alikuwa mwalimu wa madrasa. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nazijua nyimbo zile kuliko baadhi ya wanakwaya. Siku moja baba alikuja kunisalimu, akanisikia naimba nyuma ya mlango. Ilibidi Mzee Barnaba mwenyewe amweleze, na baba akauliza swali moja tu: "Na picha zinatoka vizuri?" Zilikuwa zinatoka vizuri.

Katika mwaka wangu wa kwanza aliletwa mwinjilisti mmoja kutoka Lisekese, ameanguka na baiskeli na goti limevimba. Nilipiga picha, nikaitundika kwenye sanduku la taa, na hata mimi mgeni niliona: pia ya goti ilikuwa vipande viwili, kikubwa na kidogo, kidogo kikiwa pembeni juu upande wa nje. Daktari akaiona naye, akaanza kuandika barua ya kumpeleka hospitali ya rufaa akafungwe waya. Mwinjilisti akaanza kuuliza nani atashika ibada ya Jumapili.

Mzee Barnaba akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama kwenye ile picha kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Piga na goti la pili."

"La pili haliumwi, mzee."

"Ndiyo maana nataka kuliona."

Nikapiga, nikaimba beti nne, nikatoa. Goti la pili, ambalo halijawahi kuanguka popote, nalo lilikuwa na vipande viwili, mahali pale pale. Mzee Barnaba akanionyesha kingo zake. Zilikuwa laini na za mviringo, kama jiwe la mtoni. "Mfupa uliovunjika una kingo kali, kama kigae. Huyu amezaliwa hivi. Ameumia nyama tu." Barua ikachanwa, goti likafungwa bendeji, na Jumapili ile mwinjilisti aliongoza ibada akiwa amekaa kwenye kiti. Waumini walimsamehe kwa kutokupiga magoti.

Jioni ile, tukisafisha mabeseni, Mzee Barnaba alinipa somo ambalo chuoni lilipita kwa kurasa mbili. Alisema kuna mifupa ambayo haijashikana na mifupa mingine, imekaa ndani ya kano, kazi yake ni kuipa kano nguvu ya kuvuta na kuikinga isisagike. Pia ya goti ndiyo kubwa yao. Chini ya kidole gumba cha mguu viko viwili vidogo, ukubwa wa kunde, na kila hatua unayopiga unavikanyaga. Madaktari wa kale waliona vinafanana na mbegu za ufuta, wakavipa jina hilo. "Mimi nimelima ufuta miaka yote," akasema, "sijaona unaofanana na pia ya goti. Lakini wao hawakuniuliza."

Akavua soksi, akapanda mezani, akanionyesha kwa mguu wake mwenyewe namna ya kuvipiga picha. Mgonjwa anakaa, mguu ameunyoosha, kisigino kiko juu ya kaseti ya filamu. Anapitisha kipande cha bendeji kwenye vidole na kuvivuta kuelekea kwake. Mionzi inashuka kutoka juu, inaupitia wayo kwa pembeni, na vile vimifupa vinabaki vyenyewe bila kufunikwa na chochote. Ukipiga kwa njia ya kawaida, kutoka juu ya mguu, vinajificha nyuma ya mfupa mkubwa. Niliitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Kuelewa na kukumbuka siku inapotakiwa ni mambo mawili.

Nilihamia Newala baada ya kuolewa, nikawa peke yangu kwenye chumba cha eksirei kwa miaka mingi. Mzee Barnaba alistaafu, kisha akafariki. Mimi nikaitwa Mama Zuhura na wagonjwa, na nikazoea kuwa mtu anayejua.

Hapo ndipo alipokuja Somoe.

Somoe alikuwa fundi cherehani wa Mnyambe, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Alikuja akichechemea, anakanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu wa kulia, na mumewe Bakari amemshika mkono. Alisema maumivu yako chini ya kidole gumba, yalianza kidogo kidogo wakati wa kushona sare za shule, yakazidi mpaka hawezi kukanyaga pedali. Siku ile foleni ilikuwa imefika nje, umeme ulikuwa unakatika na kurudi, na daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Nilipiga picha mbili za kawaida, moja kutoka juu, moja ya pembeni. Sikuona mpasuko wowote.

Sheria yetu mnaijua: mpiga picha hasomi picha. Lakini Bakari alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia usoni, akauliza, "Mama Zuhura, mmeona nini?"

Nikamjibu, "Hakuna kitu."

Maneno mawili. Nilikwisha kuyatamka mara nyingi mno kabla ya siku ile, kwa wepesi ule ule ambao mtu anasema karibu. Daktari naye alipopata nafasi akaitazama ile picha, akaona nilichoona mimi, akamwandikia dawa za maumivu. Wakaondoka.

Ilipita miezi minne. Siku moja nilikuwa sokoni nanunua mbaazi, nikamwona Somoe amekaa kwenye gunia, fimbo iko kando yake. Alikuwa amekonda. Akaniamkia, "Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mguu bado?"

"Bado. Cherehani nimefunika shuka." Kisha akasema bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniuma, "Si mlisema hakuna kitu? Basi watu wakasema, kama mashine ya serikali imetazama mpaka mfupani na haikuona kitu, ugonjwa huu si wa hospitali. Ni mkono wa mtu."

Nikamuuliza mtu gani. Akanisimulia.

Alikuwa mama mkwe wake, Bi Mwanahamisi. Mjane huyu alikuwa anaishi nao nyumba moja. Mwaka ule waligombana kidogo juu ya mahali pa kuweka cherehani, kwa sababu ilikuwa inaziba mlango wa chumba cha mama. Ugomvi wenyewe uliisha siku ile ile. Lakini mguu ulipozidi, mtu mmoja akakumbuka yale maneno, mwingine akasema alimwona mama akifagia mapema sana pale Somoe anapopita, na mwisho Bakari mwenyewe, mtoto wake wa kumzaa, akasimama mbele ya ndugu akamwambia mama yake aondoke. Mama alikuwa amekwenda kukaa kwa kaka yake, kijiji cha jirani. Watoto wa Somoe walikatazwa kumtembelea.

"Na wewe unaamini?" nikamuuliza.

"Mwanzoni sikuamini. Siku hizi nikikanyaga chini naamini. Maumivu yakipoa siamini tena." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Yeye ndiye aliyenifundisha kupika kama anavyopenda mume wangu. Sijui nifikiri nini, mama."

Nilirudi nyumbani bila mbaazi. Nilikaa kwenye kiti cha uani, nikauona mguu wa Mzee Barnaba juu ya meza, soksi ikining'inia mfukoni, na kile kipande cha bendeji. Sikuwa nimempiga Somoe picha ile. Sikuwa hata nimeikumbuka. Mume wangu aliniuliza naumwa nini, nikamwambia naumwa kazi.

Kesho yake nilimtuma dereva wa bodaboda ninayemfahamu amlete. Somoe alifika pamoja na Bakari, ambaye alisimama mbali na mimi kama mtu asiyetaka kudanganywa mara mbili. Nikampandisha Somoe mezani, nikamkabidhi bendeji avute vidole mwenyewe. Alilia kwa maumivu lakini hakuachia. Nikapiga mguu wa kulia. Kisha nikapiga wa kushoto, ambao hauumwi.

Kwenye chumba cha giza niliimba beti zangu nne. Nilipozitundika zile picha mbili, sikuhitaji kioo. Mguu wa kushoto ulikuwa na kunde zake mbili, nzima, za mviringo. Wa kulia ulikuwa na moja nzima, na nyingine imekatika katikati, kingo zake kali kama kigae. Hakuzaliwa hivyo. Kile kimfupa kilikuwa kimechoka kwa kukanyaga pedali ya chuma bila kiatu, siku baada ya siku, mpaka kikapasuka, na hakikupata nafasi ya kuunga kwa sababu kila hatua ilikuwa inakitenganisha upya.

Nilimwita daktari, akazitazama, akazitazama tena, akasema, "Hii tuliikosa." Nilimshukuru kwa kusema tuliikosa. Angeweza kusema uliikosa.

Daktari akamweleza Somoe kwamba mfupa ule unaweza kuunga kama utapumzishwa: miezi miwili hadi mitatu bila kuukanyagia, na baada ya hapo kiatu chenye soli ngumu. Bakari alisikiliza yote. Alipomaliza daktari, akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo mama yangu..."

Alitoka nje, akachuchumaa ukutani, akajifunika uso. Mwanamume mzima, mbele ya foleni ya wagonjwa. Nikatoka nikakaa karibu naye.

"Nenda kamchukue," nikasema.

"Hatakubali. Nilimsema mbele ya watu, Mama Zuhura."

Alikwenda, na kweli hakukubali. Bi Mwanahamisi alimpa mwanawe chakula, akamuuliza habari za wajukuu, kisha akamwambia kwamba aliondolewa mbele ya watu na hatarudi kwa kunyata. Wale waliosikia la kwanza wasikie na la pili, na wasikie kutoka kwa mwenye mashine.

Mwenye mashine ndiye mimi. Bakari alipoleta ujumbe ule nilijua kwamba mama yule ana haki, na nilijua pia kwamba sitaki kwenda. Mtu akikaa kwenye kazi miaka mingi hujengewa jina, na jina langu lilikuwa zuri kule vijijini. Nilimuuliza Somoe kama ananiruhusu kuonyesha picha zake. Akasema, "Waonyeshe hata miguu yenyewe, mradi mama arudi."

Tulikutana Ijumaa baada ya sala, uani kwa Bakari, watu kama ishirini hivi. Bi Mwanahamisi, mwanamke mwembamba mwenye macho makavu, alikaa upande mmoja na kaka yake, mikono ameiweka magotini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Hakukuwa na sanduku la taa, nikainua picha juu dhidi ya anga. Nikawaonyesha mguu mzima, nikawaonyesha uliovunjika. Nikawaeleza kuhusu vimifupa, jinsi vinavyofanya kazi, na kwamba kila aliyekaa pale anavyo. Wanawake wawili walivua viatu wakaanza kujibonyeza chini ya vidole.

Mzee mmoja, baba mdogo wa Bakari, akauliza, "Mbona mara ya kwanza mlisema hakuna kitu? Mashine ilikuwa kipofu mwezi ule?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa njia nzima. Nikasema, "Mashine haikuwa kipofu, baba. Mimi ndiye sikuiweka inavyotakiwa. Nilifundishwa namna ya kuutafuta mfupa huu, na sikufanya hivyo. Nilipaswa kusema sijaona kitu. Nikasema hakuna kitu. Mama huyu amekaa nje ya nyumba yake kwa sababu ya kosa langu. Namwomba radhi mbele yenu."

Nilisikia kuku wakiparua nyuma ya jiko. Bi Mwanahamisi ndipo aliponitazama, kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe ulikosea kupiga picha?"

"Hapana, mama."

"Ulikosea nini?"

Bakari akapiga magoti kwenye vumbi. "Nilisema wewe ndiye uliyemdhuru Somoe. Nilisema uongo. Nisamehe, mama."

"Sema kwa sauti. Siku ile ulisema kwa sauti."

Akarudia, kwa sauti ambayo hata majirani waliokuwa wakijifanya wanachambua korosho zao nje walisikia. Somoe akajikokota na fimbo yake mpaka pale, akakaa chini, akaegemeza kichwa kwenye paja la mama mkwe wake. Bi Mwanahamisi akamwekea mkono kichwani. Halafu akauliza, kwa Kimakonde, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhamia kwenye jambo jingine, "Na hawa watoto wamekula?"

Miezi iliyofuata Somoe alikaa bila kukanyagia mguu ule. Fundi viatu wa pale senta alimchongea kiatu cha soli ya tairi, ndani akaweka sponji nene na kutoboa tundu mahali kidole gumba kinapoanzia, ili mfupa ubaki unaelea bila kugusa chochote. Nilimchorea kwenye karatasi, akanirekebishia mchoro, na alikuwa sahihi. Nimewaelekeza kwake wagonjwa wengine tangu hapo. Lakini Idi ilikuwa inakaribia na nguo za watu zilikuwa zimelala, kwa hiyo fundi wa mashine aliondoa mkanda wa pedali ya cherehani na kufunga mkono wa kuzungushia kwenye gurudumu. Somoe alihitaji mikono yake miwili kwenye kitambaa. Aliyejitolea kuzungusha ni Bi Mwanahamisi.

Nilipowatembelea niliwakuta katikati ya kazi. Cherehani ilikuwa imehamishwa, iko barazani, mlango wa chumba cha mama uko wazi.

"Polepole, mama, kitambaa hiki kinateleza."

"Ungesema mapema. Mimi naangalia gurudumu, siangalii kitambaa."

"Sasa umesimama kabisa!"

"Umesema polepole."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikajikuta nacheka ingawa nilikuja na uso wa kuomba radhi kwa mara ya pili. Hawakunipa nafasi.

Picha ya mwezi wa tatu ilionyesha mstari umeanza kuzibika. Ya mwezi wa sita, ilibidi nimwonyeshe daktari kwa kalamu mahali ulipokuwa. Somoe alishuka mezani, akavaa kiatu, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akikanyaga wayo wote.

Baadaye zikaja mashine za kompyuta. Filamu, mabeseni na chumba cha giza vikaondoka kwa mwezi mmoja, chumba cha giza kikawa stoo ya magodoro. Picha sasa inatokea kabla hujamaliza hata mstari wa kwanza. Ni nzuri, sina kinyongo nazo. Ila bado hazijui zenyewe mguu uwekwe vipi. Vijana wangu, mgonjwa akisema panauma hapa, mwekeni mpaka hapo paonekane, na kama hamjaona, semeni hamjaona. Ukutani mwa chumba niliandika kwa kalamu nene: HATUJAONA KITU BADO. Mkaguzi mmoja aliuliza kama hilo ni tangazo la wizi.

Wiki niliyostaafu nilikwenda Mnyambe kuchukua gauni la sherehe ya kuagwa. Somoe alikuwa barazani anashona, miguu yote miwili chini, kiatu kizuri mguuni, akainuka kuja kunipokea bila kushika kitu. Bi Mwanahamisi, mzee sana sasa, alikuwa kwenye kigoda chake kando ya gurudumu, mkono umeshika mpini.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Bado unazungusha? Mguu si ulipona zamani?"

Somoe akajibu kwa ajili yake. "Nimemwambia mara ngapi, Mama Zuhura. Fundi alikuja na mkanda mpya wa pedali, mama akamfukuza. Mama, si nimekwambia mguu umepona?"

"Nimeona," akasema Bi Mwanahamisi, na kuanza kuzungusha. "Wewe shona."